Naomba ushauri: nadharia gani inafaa kwa risachi ya watoto wanaopigana skuli?

binti_wete
Asalaam alaykum ndugu zangu. Nipo mwaka wa mwisho wa diploma ya ustawi wa jamii, risachi yangu ni juu ya watoto wa msingi wanaopiga wenzao, na nimekwama chapta ya pili. Huyu anasema ukali tunazaliwa nao, Dollard na wenzake 1939 wanasema mtu akizuiliwa anachokitaka ndo hugeuka mkali, mwengine jeni tunazorithi kwa wazee, mwengine umaskini, na supavaiza kanambia chagua moja uisimamie. Nilishaelekea kwenye ile ya anaepigwa hukua mpigaji, maana huku kwetu nyumbani bakora, chuo cha Kurani bakora. Lakini nawajua ndugu wawili, mkubwa ndo anaekula bakora kila leo na ni mpole hana neno na mtu, mdogo hajaguswa kwa kuwa ndo kitinda mimba na yeye ndo kila siku mzee wake anaitwa skuli kapasua mtu. Sasa nadharia ipi itawabeba hao wawili? Nisaidieni wallahi muda umenibana.

msomaji_ngambo
Waalaykum salaam dada. Hao wawili ndo utafiti wenyewe, usiwakimbie. Msome Bandura, mwanasaikolojia wa nadharia ya kujifunza kwa kutazama wengine, utafiti wake wa 1961 chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Aliwachukua watoto 72 wadogo wa nasari, baadhi yao wakamuona mtu mzima analipiga nyundo na kulitukana dude la plastiki la kujaza upepo. Hapana mtoto aliepigwa pale, wametazama tu. Halafu wakaudhiwa kidogo, wakanyimwa michezo mizuri, wakaachiwa chumba chenye dude kama lile, na wale waliotazama upigaji wakaiga mpaka maneno. Sasa huyo mdogo wako hajapigwa lakini miaka yote anatazama kaka yake anavyotandikwa, na keshaona kuwa mwenye fimbo ndo anaesikilizwa.

mwl_mkoani
Hapo kasema kweli, ila na huyo mkubwa usimpitie juu juu. Bandura alirudi tena 1965, safari hii watoto wengine wakaonyeshwa mpigaji anaadhibiwa, hao wakaiga kidogo. Lakini walipoahidiwa zawadi waoneshe walichokiona, tofauti ikaondoka, kumbe wote walishajifunza. Mie nafundisha na nawaona wapole wa aina hiyo, mbele yangu kimya, mpe ukiranja wa darasa siku moja uone fimbo anavyoishika.

pwani_mchangani
Jamani mnamtisha. Mtafiti Widom 1989 alifuatilia watoto walioteswa na waliotelekezwa, ndio walikamatwa kwa uhalifu zaidi kuliko wenzao, lakini wengi wao hawakukamatwa kabisa. Usije ukaandika kila anaepigwa atakuwa muovu, hao watoto watakuja kuisoma siku moja. Na jeni usilitupe, Caspi na wenzake 2002 kwa vijana wa Dunedin, New Zealand, waliona jeni la MAOA (linalosaidia kuvunja baadhi ya kemikali za ubongo) likiwa na nguvu ndogo linaleta shida zaidi kwa waliokuwa wameteswa utotoni, yaani jeni na malezi vinakwenda pamoja.

binti_wete
Allah akulipeni kheri nyote. Kwa hiyo nisimame na Bandura, nimuweke Widom wa kumpunguza makali? Na nikienda skuli niwaulize watoto wenyewe nani anawapiga?

mwl_mkoani
Simama na Bandura, ila swali ulibadilishe, badala ya "anapigwa?" liwe "anaona nini nyumbani na chuoni, na anaepiga anapata nini?". Hilo la jeni wewe huna pa kulipimia, aya moja inatosha. Na mwanangu usimuulize mtoto nani anampiga huku mwalimu yupo mlangoni, akirudi nyumbani atapigwa kwa kusema. Pata kibali cha chuo chako, idhini ya mzazi, na mtoto mwenyewe akubali. Waulize walimu kwanza, kaa uwanjani wakati wa mapumziko uangalie. Mtoto akikwambia jambo zito usilifunge kwenye daftari, mpeleke kwa ustawi wa jamii au kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kile cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili.

msomaji_ngambo
Na supavaiza mpelekee swali jipya kabla hujaandika chapta. Ukitaka nikusomee rasimu niandikie faragha, usiku nakuwa na nafasi.

binti_wete
Namuona J'tatu inshallah. Rasimu nakutumia kesho baada ya isha.