Bima wanatupa milioni 3.5 kwa mguu wa mke wangu, tusaini?

Ngosha wa Igoma
Wakuu habari za jioni. Mke wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwezi wa tatu alikuwa kwenye bodaboda akitokea Igoma, walipokaribia Buzuruga Hiace ikahama upande wake ikawavaa. Goko la kulia limevunjika sehemu mbili. Bugando wakampasua wakaweka vyuma, na mpaka leo vimo. Trafiki walipima, dereva wa Hiace akapelekwa mahakamani, akakiri, akalipa faini. Gari lina bima ndogo, ile inayolipa watu wengine walioumizwa na gari.

Juzi watu wa bima wametuita wakatupa karatasi ya milioni 3 na laki 5, wanataka asaini wiki hii hii. Yeye anasema asaini yaishe, ada za watoto zimetukaba. Mimi roho inakataa, ila sina hesabu ya kuwajibu. Hivi mguu wa mtu unapigiwaje hesabu?

Mzee wa Kamanga
Mpe pole sana shemeji. Nendeni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndio wanaolipa walioumia.

Mama Nyegezi
Shikamoo Mzee wangu. WCF ni ya mtu aliyeumia akiwa kwenye kazi ya mwajiri wake. Huyu mama amejiajiri, njia yake ni bima ya lile gari.

Ngosha, poleni jamani. Nimekuwa karani kwa mawakili hapa Mwanza na mafaili ya ajali yalikuwa yanapita mkononi mwangu, kwa hiyo nakuomba kwa moyo wote: asisaini kwanza. Isome hiyo karatasi chini kabisa. Kwa kawaida huandikwa kwamba aliyeumia amelipwa madai yake yote na hatadai tena, sasa wala baadaye. Na ana vyuma mguuni! Akisaini leo, siku ya kuvitoa mtatoa mfukoni kwenu.

Hakuna bei ya goko, anayekutajia bei anakudanganya. Kuna fidia maalumu, yaani kila shilingi iliyotoka au iliyokosekana kwa sababu ya ajali. Hiyo inatajwa moja moja na kila moja inathibitishwa, isiyo na ushahidi inakatwa. Halafu kuna fidia ya jumla: maumivu, ulemavu, maisha yalivyobadilika. Hiyo hakimu anaipima mwenyewe, na ndiyo mnayovutana na bima. Niambie: risiti za hospitali ni kiasi gani, meza yake nani anaishika, na nini hawezi kufanya sasa hivi?

Ngosha wa Igoma
Risiti za hospitali 2,300,000. Bajaji za kliniki kama 260,000 lakini risiti hakuna. Dada wa kazi tunampa 80,000 kwa mwezi tangu ajali, sasa ni miezi saba. Meza ameishika mdogo wake. Zamani faida ilikuwa kama 480,000 kwa mwezi, sasa tunapata 200,000. Mama mwenyewe ameanza kwenda siku moja moja. Magunia yakishushwa kutoka visiwani hawezi kubeba wala kuchuchumaa kupima, inabidi tumlipe kijana 3,000 kila siku ya soko. Huyo kijana hakuwepo kabla ya ajali.

Mama Nyegezi
Hapo umenipa kitu. Usidai 480,000 yote, maana meza haikufungwa. Wakigundua umeongeza hapo watatilia shaka mpaka risiti za Bugando. Dai pengo: 280,000 mara miezi 7 ni 1,960,000. Dada wa kazi 560,000. Weka na hospitali, umefika 4,820,000, tayari umewapita na maumivu hayajaguswa. Kwa bajaji zisizo na risiti onyesha kadi ya kliniki, tarehe zimo, kila tarehe ni kwenda na kurudi.

Sasa yajayo. Daktari aandike barua ya makadirio ya kutoa vyuma, pamoja na ripoti ya ulemavu wa kudumu ikiwa na asilimia. Ripoti hiyo ndiyo inayobeba dai la malipo ya yule kijana wa magunia. 3,000 kwa siku 24 za soko ni 72,000 kwa mwezi, 864,000 kwa mwaka. Daktari akisema mguu hautarudi kubeba mzigo, dai miaka kadhaa. Mitano ni 4,320,000. Watapunguza kwa sababu mnapokea kwa mkupuo, sawa, lakini wapunguze kutoka hapo, si kutoka sifuri. Mimi huyo kijana ndiye ningemweka mbele kabisa, kwa sababu anaonyesha mguu umepoteza nini kuliko maneno ya mtu yeyote.

Faida mtaithibitisha kwa daftari la mauzo, miamala ya simu, risiti za ushuru wa soko, hata daftari la kikoba. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ripoti ya trafiki na mchoro wake, na nakala ya hukumu ya yule dereva, vyote viwe na nakala.

Boda Kirumba
Samahani kaka, walikuwa mshikaki? Wakijua walipakizana watatu watakata, watasema mlichangia kuumia.

Ngosha wa Igoma
Hapana, yeye na dereva tu. Sasa wakinibana na hii wiki yao? Na ada ni kweli imetukaba.

Mama Nyegezi
Wiki ni yao, sheria ina muda wake. Kesi ya madhara kama haya ina miaka 3 tangu ajali, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Ila mazungumzo hayasimamishi huo muda, kwa hiyo usilale. Hakikisha bima ya gari ilikuwa hai siku ile, namba ya gari inaangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Mkishindwana kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kumlalamikia ni bure, na TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza wakuelekeze.

Jibu lako liwe barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Waandikie kwamba matibabu hayajaisha. Kwa ajili ya ada, omba warudishe kwanza zile 2,300,000 za hospitali, na karatasi ya malipo iseme wazi kuwa ni sehemu tu ya madai. Wakikataa kuandika hivyo, msipokee. Risiti halisi usimwachie mtu, peleka kopi.