Mrejesho: ubashiri wa Oscar 2025, Lubumbashi

Ndugu zangu, niliwauliza nifuate nini kubashiri washindi wa Oscar kwenye shindano letu la mtaani, Katuba. Mkasema: tazama tuzo za vyama vya maprodyuza na waongozaji wa Marekani, maana baadhi ya wanachama wao ni wapiga kura wa Oscar pia. Kweli kabisa! Vyote viwili viliipa filamu ya Anora, nayo ikabeba Oscar ya filamu bora, na mwongozaji wake Sean Baker ile ya uongozaji.

Mwigizaji bora wa kike ndiye aliyetutoa jasho. Chama cha waigizaji kilimpa Demi Moore, BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, zikampa Mikey Madison wa Anora. Nikamwandika Mikey. Jina lake lilisomwa kwetu alfajiri, umeme umekatika, tumebanana kwenye simu moja. Tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta!

Bado sijui nibashiri vipi tuzo za filamu fupi, ambako vyama hivyo havisaidii. Mnaozifuatilia, nishikeni mkono.