Tunataka kupaki Tunduma mpaka posho ya Kongo iongezwe. Waliowahi kugoma, tusaidieni

Semi ya Kolwezi ameuliza:

Habarini wakuu. Naendesha semi Dar–Kolwezi, Kongo. Kwenda tunabeba salfa ya migodini, kurudi shaba. Njia mnaijua: Tunduma, Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, halafu foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, na hapo ndipo hesabu huharibika. Posho tunapewa kwa mkupuo Dar. Chakula, maegesho, kuoga, vocha za nchi tatu, mlinzi wa usiku, vyote humo humo. Foleni ikitembea, inatosha. Ikisimama, unakula hela ya kurudia na mpaka hujavuka. Ukimpigia bosi, anasema pambana.

Lakini siyo hela peke yake iliyotufikisha hapa. Juzi kati mwenzetu alivamiwa usiku kabla ya Likasi, amelala kwenye kebini. Walivunja kioo, wakamkata panga mkononi, wakachukua simu na dola za posho, wakanyonya dizeli. Swali la kwanza la bosi lilikuwa lita ngapi zimepotea. Hospitali tulimchangia sisi madereva kwenye grupu. Ile dizeli amekatwa kwenye mshahara. Kijana ana mke mjamzito Mbagala, na mkono wa kulia haukunji vidole. Mkataba hana. Hata mimi sina.

Sasa grupu limewaka: Jumatatu wote tupaki Tunduma, funguo tukae nazo. Wengine wanataka tufunge barabara kabisa, asipite mtu. Mimi kugoma nimeshaamua. Ninachotaka kujua kwa mliopitia: mlidai nini, mlidai vipi, na mlipowasha magari tena kilifuata nini?

Mzee wa Malaba amejibu:

Pole sana ndugu yangu, na huyo kijana mpe pole zangu. Mimi ni wa Mombasa, nimezeekea njia ya Juba. Aprili 2021 wenzetu walipouawa kwa risasi kwenye barabara za Sudan Kusini, tulikataa kuingia. Tukapaki Elegu, upande wa Uganda, Wakenya na Waganda pamoja. Juba inakula kupitia barabara ile: mafuta, unga, simiti, karibu kila kitu. Kwa hivyo walitusikia upesi. Serikali yao ikaahidi wanajeshi wa kusindikiza malori, na magari yakaanza kuingia.

Agosti mwaka uo huo, barabara hiyo hiyo ya Nimule–Juba, basi lilishambuliwa na masista wawili wa Kikatoliki wakauawa. Sisemi haya kukuvunja moyo. Nakuambia ahadi ya ulinzi ilivyo. Askari wanakuja wiki za kwanza, kisha wanapungua, na msafara ukichelewa unalala mpakani kwa pesa yako. Ningerudi Elegu leo, ningeuliza jambo moja kabla ya yote: siku za kungoja msafara, ni nani anazilipa? Tajiri akijua kila usiku wa kungoja anaulipia, yeye mwenyewe atawapigia simu wakubwa kila asubuhi.

Mama Haki Kazini amejibu:

Nimekuwa nikisimamia mashauri ya wafanyakazi, naomba msome hili kabla ya Jumatatu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 14, inasema mkataba lazima uwe wa maandishi kama mfanyakazi atafanya kazi nje ya Tanzania. Wewe unavuka Nakonde kila safari. Kukunyima karatasi ni kuvunja sheria, na dai la namna hiyo hamgomei, mnalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Makato ya dizeli ni hivyo hivyo.

Nyongeza ya posho ni jambo lingine. Hilo ni dai la maslahi, yaani mnaomba kitu kipya ambacho sheria haijawapa tayari, na mnaweza kuligomea mkifuata hatua za kifungu cha 80: usuluhishi wa CMA, ambao muda wake ni siku 30, kura ya wanachama inayosimamiwa na chama cha wafanyakazi, kisha notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Mkipita humo, hawezi kuwafukuza kwa sababu ya mgomo. Mkipaki Jumatatu bila hayo, anaweza. Na kufunga barabara, nawasihi, msithubutu. Mtampa polisi wa kumsaidia, na habari itakuwa foleni ya Tunduma badala ya mkono wa yule kijana.

Kuhusu yeye: kuumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri. Ulizeni kama jina lake lipo. Kama halipo, hilo nalo lipelekwe.

Gari Mbili amejibu:

Kijana wangu, mimi ni mmiliki, gari mbili tu, na zamani nilikuwa nyuma ya usukani. Kwenye mikataba mingi ya mizigo kuna demareji. Gari likisimama kupita siku tulizokubaliana, mwenye mzigo ananilipa kwa kila siku. Kuna wamiliki wanaoipokea na dereva aliyelala Kasumbalesa haoni hata senti. Mimi wangu nawagawia, kwa sababu najua nani alilala pale. Msidai "ongeza posho" tu, atawaongeza kidogo halafu foleni itaimeza. Daini sehemu ya demareji kwa kila siku ya kusimama.

Semi ya Kolwezi amejibu:

Mungu awabariki. Mzee wa Malaba, shikamoo, hilo swali lako limewanyamazisha hata wale waliotaka kufunga barabara. Mimi hiyo demareji nilikuwa sijawahi kuisikia.

Tumekubaliana hatufungi barabara wala hatupaki Jumatatu. Mikataba, makato na matibabu ya kijana vinakwenda CMA wiki hii. Posho ya siku za kusimama, na kutolazimishwa kuendesha usiku baada ya Kasumbalesa, tunapeleka kama dai la maslahi ili siku 30 zianze kuhesabika. Wengi bado hatujajiunga na chama, kesho tunaanza kujaza fomu pale yadi. Mama, CMA tunaanzia wapi?

Mama Haki Kazini amejibu:

Fomu CMA F1, ofisi yao ya Dar es Salaam. Madai ya haki, yaani mikataba na makato, na yale ya maslahi yajazwe kwenye fomu tofauti. Aliyekatwa mshahara ajaze yake mapema, asipitishe siku 60 tangu alipokatwa. Beba meseji zote za bosi, hasa ile ya lita.