Ukikatazwa kutaja "amani", utasema unaipendea nini Tanzania?

Wadau, salaam. Swali hili si langu, ni la muuza kahawa mmoja wa Mbagala Rangi Tatu. Juzi alituuliza pale kijiweni: mnaipendea nini nchi hii? Watu watano tukajibu kwa mpigo, "Amani." Mzee akamimina kahawa, akasema, "Hilo ni jibu la kwenye bango. Nataka la kwako." Vikombe vikabaki mkononi, kashata hazitafuniki.

Nimelala nalo siku mbili. Amani siitaji, na nina sababu. "Kisiwa cha amani" tumeambiwa tangu darasa la kwanza, hadi neno limekuwa kama "mambo" na "poa", linatoka mdomoni bila kupita kichwani. Tena halikuwa kweli kwa kila mtu. Waulizeni Wapemba walioikimbia nchi Januari ya 2001 wakaishia Shimoni, Kenya. Na baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, sisi wa Dar tuliofungiwa ndani kwa amri ya kutotoka usiku, intaneti imezimwa, huku kuna majirani wamefiwa, hilo neno tukilisema tunaangalia pembeni.

Langu ni hili: nchi hii haikuulizi kabila kabla ya kukusogezea mkeka. Na ikikuuliza, inataka kukutania.

Sisi ni Wazaramo. Baba alipofariki, alfajiri alifika jirani yetu Msukuma, mtani wetu. Hakutoa pole. Aliingia chumbani akavaa kofia ya marehemu, akachukua mkongojo wake, akatembea uani akikohoa kile kikohozi baba alichokuwa anakitanguliza anapokwenda kudai deni. Vilevile kabisa, na mkono kiunoni. Mama, ambaye tangu jana yake hajatia kitu mdomoni, alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani, ndipo akalia vizuri. Makaburini yule bwana akakaa ukingoni mwa kaburi: "Huyu mtumwa wangu hazikwi mpaka nilipwe." Shemeji akatoa elfu tano. Akaikataa, anataka kumi na kuku juu.

Utani huo una historia. Wanyamwezi na Wasukuma waliteremka Pwani na misafara ya pembe za ndovu wakakutana na wazee wetu. Wahehe na Wangoni walichinjana karne ya 19, leo wanatukanana msibani na kula pamoja. Lakini utani peke yake usingetosha, maana makabila ni zaidi ya 120. Kuna vitu vilifanywa kwa makusudi: uchifu ukafutwa mwaka 1963, mwaka huohuo JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ikaanzishwa, mtoto wa Bukoba akapelekwa bweni Songea, Kiswahili kikawa cha shuleni, sokoni na bungeni. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967. Mwaka 2022 makarani walituhesabu watu 61,741,120, hakuna aliyeulizwa kabila wala dini.

Naomba mnipinge. Ila "amani" hairuhusiwi.

WA KISAUNI, MOMBASA
Hodi, mimi jirani yenu. La kabila nawapa, sina ubishi. Huku ukitaja jina la pili tu, mtu kashajua kura yako inakwenda wapi, na Januari 2008 tuliona mwisho wake. Sensa yetu ya 2019 iliuliza kabila kama kawaida.

Lakini mimi naipendea Kenya kitu ambacho nyinyi hamna. Septemba 1, 2017 nilikuwa kwa kinyozi, nusu kichwa kimenyolewa, redio iko juu. Majaji wakafuta uchaguzi wa rais. Kinyozi akasahau kazi, mashine inanguruma hewani, hata wale waliompigia rais huyo wamesimama midomo wazi. Rais akawaita majaji wakora, na bado ikabidi arudi kwenye debe. Nilitoka pale na nusu kichwa changu nikijiona mtu mwenye nchi. Sasa soma ibara ya 41(7) ya katiba yenu: tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Mtani wako alimdai marehemu kuku mbele ya umati, safi sana. Je, mkubwa aliye hai anadaiwa wapi?

WA DODOMA
Chipsi mayai saa sita usiku, na muuzaji anakuita bosi wakati anajua huna kitu. Nimemaliza.

WA SAME
Mwenye mada, umepaka rangi. Nilipokuja Dar, mwenye nyumba aliniuliza, "Wewe wa wapi?" Nikasema Same. Akacheka: "Mpare! Utauza ng'ombe ushinde kesi ya mbuzi." Chumba akanipa. Mpaka hapo tuko pamoja.

Ila mwenzangu niliyesoma naye chuo ni Mmasai, ana masikio yaliyotobolewa na alama mashavuni. Alikwenda na bahasha ya vyeti vya uhasibu kwenye ofisi moja, siitaji. Kabla hajafungua mdomo, dada wa mapokezi akamwambia, "Nafasi ya ulinzi imeshajaa, kaka." Kweli hakuulizwa kabila. Walikuwa wameshalisoma usoni. Alinisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka, na mpaka leo sijui kwa nini nilicheka.

MWENYE MADA
Wa Dodoma, jibu lako nimempelekea mzee wa kahawa. Kasema angalau ni la kwako.

Wa Same, umenibana. Nimeandika "nchi hii haikuulizi" kama vile mimi ni nchi. Mimi ni Mzaramo niliyezaliwa Dar, mlangoni hakuna anayenitazama mara mbili. Mwenzako anatazamwa, na utani aliofanyiwa na yule dada hakupewa nafasi ya kuurudisha. Kwetu mtani ukimtukana anakutukana. Pale hapakuwa na utani.

Wa Kisauni, ibara hiyo naijua na sina cha kukujibu. Nakuonea wivu hata hicho kichwa chenye nusu nywele. Lakini sibadilishi langu, na sababu ni ndogo. Zile siku maduka yamefungwa, mangi wa mtaani kwetu alikuwa anatupitishia unga dirishani na kuandika kwenye daftari, kwa sababu pesa za kwenye simu zilikuwa hazitoki na taslimu hatuna. Hali ilipotulia nilikwenda kulipa. Akafungua daftari tutafute jina langu. Hakuna jina hata moja. Kuna "mama wa geti la bluu", kuna "Mmakonde wa bodaboda", kuna "mwalimu mfupi". Tukashuka kwa kidole mpaka chini ya ukurasa: "Mzaramo mvivu, kilo nne."

Nikamwambia zilikuwa tatu. Bado tunabishana.