Salio la wakala wa domeni linakatwa papo hapo, hasara zote zinabaki kwake. Hii si haki!

Wakuu, hili la salio la kulipia mapema linafilisi mawakala wadogo, kwa hiyo naliweka wazi na tarakimu zake.

Ukitaka kuuza domeni (majina ya tovuti, kama yale ya .com) kama wakala, msajili, yaani kampuni iliyoidhinishwa kusajili majina hayo, anakudai uweke fedha kwanza, na kila oda ikiingia anakata papo hapo. Ukihoji kwa nini fedha hiyo hairudi, unaambiwa ni sharti la ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani. Si kweli. Mkataba wa ICANN na wasajili wa mwaka 2013, kifungu cha 3.7.4, unamtaka msajili asiwashe domeni kabla hajapata uhakika wa kuridhisha kwamba atalipwa, na malipo ya kadi yametajwa humo kuwa yanatosha. Hakuna mstari unaosema salio la wakala likishaingia halitoki. Hilo wasajili wameliandika wenyewe kwenye masharti yao.

Tazameni muda. Domeni ya .com ikisajiliwa, msajili ana siku 5 za kuifuta na kurudishiwa fedha na mwenye rejista, yaani kampuni inayotunza orodha nzima ya .com. Mteja aliyelipa kwa kadi ana takribani siku 120 za kwenda benki kuupinga muamala. Hapo katikati ndipo wakala anachinjwa. Tapeli anasajili domeni 20 usiku wa Ijumaa kwa kadi ya wizi, anazitumia wiki moja, mwenye kadi anashtuka akipata taarifa ya mwezi. Benki inavuta fedha zote kwako na kukutoza adhabu juu yake. Siku 5 zilishapita, na kilichokatwa kwa msajili hakirudi.

Hata hizo siku 5 wasajili kadhaa hawampi wakala kitufe cha kufuta. Wanajikinga kwa kikomo cha ICANN cha mwaka 2009: kwa mwezi, marejesho yasizidi asilimia 10 ya usajili mpya au domeni 50, kipi ni kikubwa. Kikomo kile kiliwekwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakisajili maelfu ya domeni, kuzijaribu na kuzifuta bure. Wakala anayefuta domeni mbili za kadi ya wizi anahusikaje?

Faida yenyewe ni nyembamba. Bei ya jumla ya .com ilipanda hadi dola 10.26 Septemba 2024, na ada ya ICANN ikatoka senti 18 hadi 20 Julai 2025. Tuseme msajili anakuuzia kwa dola 11 nawe unauza 13. Muamala mmoja ukipingwa na adhabu ikawa dola 15, umepoteza 26: 11 za msajili na 15 za adhabu. Uuze domeni 13 nyingine ndipo urudi sifuri, na hapo makato ya kadi hatujayagusa.

Linaloniuma kuliko yote ni domeni kujihuisha zenyewe, yaani mfumo kuziongezea muda na kukata salio bila kukuuliza. Wakala ana salio la dola 60. Usiku domeni tano za wateja waliokwisha kupotea zinafika ukomo, mfumo unakata 55. Asubuhi mteja aliyelipa bili yake anahuishiwa, jibu linakuja: salio halitoshi. Domeni yake inazimwa, barua pepe za ofisi nzima zinagonga mwamba, na lawama zote zinamwangukia wakala. Halafu sikieni: kwa .com, mwenye rejista humkata msajili siku ya ukomo, lakini msajili akiifuta domeni ndani ya siku 45 anarudishiwa. Yeye anarudishiwa! Wakala anaambiwa masharti hayaruhusu. Huo ni wizi, na sitautafutia jina lingine.

Kwa sasa kila wakala aingie kwenye paneli azime kujihuisha kwa domeni zote, kisha ahuishe bili ikishalipwa tu. Weka tahadhari ya salio ambayo haipungui gharama ya domeni zinazoisha ndani ya siku 30 zijazo. Oda ya kwanza ya mteja mpya wa kadi ikae saa 24 hadi 48 bila kupelekwa kwa msajili, na asiuziwe zaidi ya mwaka mmoja, maana miaka 10 ikipingwa unalipa miaka 10. Domeni za bei maalumu zisipite bila mtu kuzikagua kwa macho. Muamala ukipingwa, mwandikie msajili siku hiyohiyo azuie uhamisho: kutolipwa, pamoja na kadi iliyopingwa, ni sababu halali ya kuukataa, lakini domeni ikishahama hiyo sababu haikusaidii kitu.

Na usiweke salio la mwaka mzima kwa tamaa ya punguzo. Wasajili wanalazimika kuhifadhi nakala za data za usajili kwa mtu wa tatu, na msajili RegisterFly alipoanguka mwaka 2007 wote tuliona kwa nini. Zinazolindwa ni data. Salio lako haliko humo. Msajili akifunga, unapanga foleni na wadai wengine.

Tunachodai ni vitu vitatu: kitufe cha kufuta ndani ya siku 5, marejesho ya siku 45 yamfikie wakala, na salio la wakala likae akaunti tofauti na fedha za kampuni. Mwenye mkataba ambao tayari una hata kimoja kati ya hivyo, abandike maneno ya kifungu hapa ili wengine waende nayo kwa wasajili wao.