Fito za nyanya zitatutoboa macho, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, nina kabustani ka nyanya nyuma ya nyumba, fito za mianzi kama 40 hivi, zinanifika kifuani na juu nilizikata mshazari kwa panga (uvivu tu). Juzi nimeinama kung'oa magugu moja ikanichoma chini ya jicho kabisa, na mtoto wa miaka 4 anashinda humo humo. Nimejaribu kuzivalisha chupa za maji za nusu lita, upepo ukija zinagongana usiku kucha na zingine zinapeperuka, nikapigilia vifuniko kwa misumari mianzi ikapasuka. Sasa nawaza vipande vya ndala zilizochakaa, je vitahimili jua? Na maji yasituame ndani ya mwanzi nafanyaje, maana mbu nao balaa