Rehema, usisaini bado

*Jumatatu jioni*

Rehema: Jamani nimegongwa. Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, gari la nyuma likaja likanibamiza. Mimi na mtoto wazima. Buti limeingia ndani.

Mama: Mungu wangu! Mtoto yuko wapi sasa hivi?

Rehema: Nimempakata hapa, mama, ameacha kulia.

Hamisi: Dada umepiga picha? Usikubali magari yasogezwe kabla.

Rehema: Nimepiga yakiwa pale pale yalipogongana. Namba zake, stika ya bima kwenye kioo chake, leseni yake. Polisi wameshapima. Kuna kijana wa pikipiki alikuwa pembeni yangu, ameona kila kitu, amenipa namba yake ya simu.

Mjomba: Pole sana mwanangu. Hapo umefanya la maana. Waeleze polisi ulichokiona, basi. Usianze kusema "labda nilifunga breki ghafla" kwa sababu ya huruma tu. Na upigie bima yako leo hii.

Rehema: Shikamoo mjomba. Bima yangu ya nini tena, si yeye mwenye kosa?

Mjomba: Marahaba. Mkataba wako unakudai utoe taarifa ya ajali yoyote, na umetaja muda. Huyo bwana kesho akigeuka akasema wewe ndiye uliyerudi nyuma ukamgonga, bima yako itakuuliza mbona hukusema. Kutoa taarifa si kudai fidia. Ni kuwajulisha tu.

Rehema: Sawa mjomba, napiga.

*Jumanne asubuhi*

Rehema: Mtu wa bima ya yule aliyenigonga amenipigia sasa hivi. Mpole kweli. Anasema wananilipa leo leo, nitie sahihi tu kwenye karatasi aliyonitumia. Nimeshukuru, maana bila gari sijui kazini nafikaje.

Shangazi: Afadhali! Saini mwanangu yaishe. Wenzio wanazungushwa miezi na miezi.

Mjomba: Rehema, usisaini bado. Itume hapa.

Rehema: 📷 Picha

Mjomba: Soma mstari wa mwisho kabla ya pale pa kusaini. "Napokea kiasi hiki kuwa malipo kamili na ya mwisho, wala sitadai tena chochote kuhusu gari, mwili au hasara nyingine itokanayo na ajali hii." Hiyo "kamili na ya mwisho" ndiyo wanayoinunua kwako. Ukisaini, hata likigundulika jambo kubwa kesho, mlango umefungwa.

Mjomba: Wamepiga hesabu kwa picha. Nimekagua magari miaka mingi, na gari lililogongwa nyuma halisemi ukweli kwa picha. Bampa ni plastiki, linabonyea halafu linarudi. Nyuma yake kuna chuma kinachopokea kishindo, na nyuma ya hicho chuma ndiko ziliko mbavu za chesisi. Huko hakuonekani mpaka bampa litolewe. Uko karibu na gari?

Rehema: Niko nalo hapa nje.

Mjomba: Weka kidole kwenye mwanya kati ya buti na bodi, upande wa kulia, kisha kushoto.

Rehema: Kulia hata ncha haiingii. Kushoto kimezama chote mpaka kwenye pete 😳

Mjomba: Sasa jaribu kutoa tairi ya akiba.

Rehema: Haitoki. Sakafu ya buti imepanda, imeibana.

Mjomba: Basi hiyo si kazi ya bampa na rangi peke yake. Lipeleke gereji lifunguliwe, na mkaguzi wao aje aone likiwa wazi.

Shangazi: Lakini ndugu yangu, akikataa leo wakamnyima kabisa je? Mimi naogopa hilo.

Mjomba: Nakuelewa dada. Kutosaini leo hakumfutii haki yake, muda wa kudai haujaisha kwa siku moja. Na wakianza kumzungusha, ana bima kubwa, ile inayolipia hata gari lake mwenyewe: atadai kwa bima yake, wamtengenezee, kisha bima yake ndiyo imfuate mwenzake. Atabeba kile kiasi cha mwanzo kilichoandikwa kwenye mkataba, nacho wataidai bima ya yule aliyegonga. Angekuwa na bima ya mtu wa tatu tu, ile inayolipa hasara za wengine, asingekuwa na njia hiyo, angebanana na hao hao.

Mama: Mimi naona kitu kingine. Tangu ameamka anageuka mwili mzima, shingo haigeuki.

Rehema: Nimelala vibaya tu mama.

Zuhura: Dada, hapana. Hapa wodini tunawaona kila siku. Ukigongwa kwa nyuma kichwa kinarushwa, na maumivu ya shingo mara nyingi huanza kesho yake, hata siku ya 2 au ya 3. Nenda hospitali leo. Mwambie daktari kwamba ni ajali ya gari, aandike hivyo na tarehe. Risiti zote weka, hata ya dawa ya kutuliza maumivu. Ukipata ganzi mikononi au kizunguzungu usisubiri foleni, sema hapo hapo.

Zuhura: Na kiti cha mtoto? Kikishapita kwenye mgongano mkubwa hubadilishwa hata kama huoni ufa. Kiingize kwenye madai.

Rehema: Hicho sikukifikiria kabisa 😢 Nabadilisha.

Hamisi: Na ule mchubuko wa mlangoni wa mwaka jana, si uingie humo humo?

Mjomba: Hamisi, hapana! Bima inakurudisha pale ulipokuwa kabla ya ajali, haikuongezei. Wakikukamata kwa uongo mmoja wanaweza kukataa dai zima. Kila kitu cha Rehema ni cha kweli, tusikichafue.

Hamisi: Nimekuelewa mjomba. Samahani.

*Alhamisi*

Rehema: Bampa limetolewa. Ubavu wa kushoto wa chesisi umepinda. Mkaguzi wao amekuja, ameinama humo na tochi, amesema pesa walizotaka kunilipa Jumanne hazikutosha hata nusu ya kazi.

Mama: Kumbe! Na shingo?

Rehema: Misuli imevutika, mifupa salama. Nina mazoezi ya wiki 3. Mjomba, nimewaandikia: malipo ya gari yawe na karatasi yake, ya matibabu yasubiri mpaka daktari aniruhusu. Wamejibu wamekubali. Karatasi mpya hii hapa.

Mjomba: Nimeisoma mara mbili. Inasema "uharibifu wa gari pekee". Kiti cha mtoto kimo. Hii saini, na ubaki na nakala.

Shangazi: Rehema mwanangu, nilikuharakisha. Nisamehe.

Rehema: Shangazi usiseme hivyo, ulinionea huruma tu. Nasaini sasa.